Mikono ya Jacques Pépin

Kuku wa Bresse ana manyoya meupe, kilemba chekundu na miguu ya buluu, rangi zile zile tatu za bendera ya Ufaransa. Tangu 1957 sheria inamlinda: mfugaji wa kwingine haruhusiwi kumuuza kuku wake kwa jina hilo. Makao ya ufugaji huo ni mji wa Bourg-en-Bresse, mashariki mwa Ufaransa, na katika mji huo, tarehe 18 Desemba 1935, alizaliwa Jacques Pépin, mtu ambaye baadaye angesimama mbele ya kamera na kumtoa kuku mzima mifupa kwa muda ambao wengi wetu tungekuwa bado tunanoa kisu.

Mimi ni mpishi wa hoteli. Nimepika Diani, nimepika Malindi, na siku hizi nafundisha vijana upishi mjini Mombasa. Wanafunzi wangu wakisikia habari za mpishi wa runinga, hufikiria mtu aliyechaguliwa kwa sura nzuri na maneno matamu, anayenyunyiza chumvi na kutabasamu huku chakula kilichopikwa na wengine kikisubiri chini ya meza. Wapo wa namna hiyo, na sina ugomvi nao. Lakini historia ya kazi yetu ina mtu aliyefika kwenye runinga akiwa ameshapanda ngazi za jiko la Kifaransa moja baada ya nyingine, kuanzia kunyonyoa kuku hadi kumpikia mkuu wa serikali, na alipofika mbele ya kamera akaonyesha kile ambacho majiko hayo yalikuwa yamekificha kwa vizazi: jinsi mkono unavyofanya kazi.

Kwao, biashara ya chakula ilikuwa ya wanawake. Baba yake, Jean-Victor, alikuwa seremala wa samani, na vita vilipoingia akajiunga na wapiganaji wa siri waliowapinga Wajerumani. Mama, Jeannette, akabaki na wavulana watatu wa kuwalisha. Alipanda baiskeli akazunguka mashambani kutafuta chochote kilichopatikana, na wakati wa kiangazi aliwapeleka watoto wakae kwa wakulima, ambako angalau tumbo lingeshiba. Jacques alikuwa na miaka sita hivi alipoachwa shamba mara ya kwanza. Amesimulia mara nyingi jinsi mke wa mkulima alivyomtuliza kwa kumpeleka zizini na kumfundisha kukamua ng'ombe. Vita vilipokwisha mama akafungua mkahawa, akauacha akafungua mwingine, mpaka wakafika Lyon na mkahawa wao ulioitwa Le Pélican. Hakuwa amesomea upishi popote. Alikwenda sokoni saa za mwisho, wauzaji wakiwa wanataka kumaliza mboga zilizoanza kunyauka, akazinunua kwa bei ya chini na kuzigeuza kuwa chakula cha kuuza.

Kuna pishi lake moja ambalo mwanawe amelionyesha watazamaji kwa miaka mingi. Mayai ya kuchemsha yanakatwa nusu, viini vinapondwa pamoja na kitunguu saumu, kotimiri na maziwa kidogo, kisha vinarudishwa ndani ya ute. Nusu hizo zinalazwa kifudifudi kwenye kikaango mpaka upande uliojazwa uwe wa kahawia. Kiini kilichobaki kinapigwa na haradali na mafuta, kinakuwa mchuzi wa kumwagia juu. Yanaitwa mayai ya Jeannette. Hakuna kitu hapo ambacho mama wa Kisauni au Majengo hapa Mombasa hawezi kukipata dukani jioni hii.

Mwaka 1949, akiwa na miaka 13, Jacques aliacha shule akaingia uanagenzi katika Grand Hôtel de l'Europe, pale pale Bourg-en-Bresse. Siku zilianza kwa kuwasha jiko. Halafu kufagia, kuosha, kumenya, kunyonyoa kuku, kutoa matumbo ya samaki. Kupika kwenyewe kulikuwa mbali: karibu mwaka mzima ulipita kabla hajaruhusiwa kusimama mbele ya moto. Hapakuwa na karatasi ya vipimo. Mpishi mkuu alisema fanya hivi, na aliyethubutu kuuliza sababu alijibiwa kwamba sababu ni hiyo, ameambiwa afanye. Mtoto alijifunza kwa kukodoa macho, na siku moja, bila mtihani wala sherehe, akaambiwa kuwa kesho atapika. Akasimama mbele ya jiko akakuta mikono inajua mambo ambayo hakumbuki kufundishwa.

Utani wa jikoni ulikuwepo pia. Siku moja walimtuma kwenye mkahawa mwingine akaazime mashine ya kutoa kuku mifupa. Wa huko wakamtwika mzigo mzito uliofunikwa, akaubeba mjini jasho likimtoka, na mashine haikuwamo, kwa kuwa mashine ya namna hiyo haikuwahi kuwapo duniani. Yeye mwenyewe ameyaandika haya katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka 2003. Mimi husimama kidogo hapo kila ninaposoma, kwa sababu aliyetumwa kuifuata mashine hiyo ndiye aliyekuja kuwaonyesha Wamarekani kwamba mikono miwili na kisu kidogo vinatosha.

Sisi wa hoteli za Pwani tunaujua ulimwengu huo kwa sababu ulitufikia. Jiko lenye vyeo, kila mtu na kituo chake, alilipanga mpishi Mfaransa Auguste Escoffier mwishoni mwa karne ya 19, na kwa mpangilio huo hoteli kubwa za Nairobi na Mombasa zikaendeshwa. Kenya Utalii College ilipoanzishwa 1975 kwa ushirikiano na serikali ya Uswisi, wahitimu wake walitoka na vyeo hivyo hivyo mdomoni. Hadi leo kijana anayeanza kwetu ni komi, na juu yake yuko mkuu wa kituo, na juu zaidi yuko shefu ambaye zamani hukuthubutu kumtazama usoni. Lakini hata kabla ya hoteli, mpishi wa shughuli hapa Pwani, yule anayepika biriani ya arusi kwa kuni na masufuria ambayo mtu mmoja hawezi kuyainua, hakuwahi kufundisha kwa maneno. Kijana alikaa naye, akachochea moto, akamenya vitunguu gunia zima, mpaka siku aliyoambiwa, "Haya, leo mchele tia wewe." Nilimwona ami yangu akilisema hilo, na nikaona uso wa aliyeambiwa.

Kabla ya kutimiza miaka 20, Pépin alikuwa Paris. Alipita majiko kadhaa, la maana zaidi likiwa la hoteli ya Plaza Athénée chini ya mpishi mkuu Lucien Diat. Hapo alihamishwa kituo hadi kituo: mboga, samaki, nyama, michuzi. Sifa kubwa ya mpishi katika jiko hilo ilikuwa kutotambulikana. Ukipika mchuzi wa kamba, uwe sawasawa na atakaoupika mwenzako kesho ukiwa mapumzikoni, mgeni asijue kama aliyepika ni wewe au yeye. Wapishi wa leo wanaotaka kila sahani ipigwe muhuri wa jina lao huliona jambo hilo kama dhuluma. Mimi naona ndiyo shule. Mtu aweze kwanza kufuata mkono wa mwingine bila kukosea, halafu atafute wa kwake.

Alipoitwa jeshini, mwaka 1956, mikono hiyo ilimwokoa na mengi. Alipelekwa kupika kwenye nyumba za serikali, na hatimaye Matignon, makao ya mawaziri wakuu. Serikali za Ufaransa zilikuwa zikianguka kwa kasi miaka hiyo. Félix Gaillard akaondoka, akaja Pierre Pflimlin kwa wiki chache, halafu mwezi Juni 1958 akaja Charles de Gaulle. Mawaziri wakuu watatu, mpishi yule yule. Mke wa de Gaulle, Yvonne, alikuwa akizungumza naye kuhusu chakula cha familia cha Jumapili baada ya ibada. Na bado Pépin husisitiza kwamba hakuna aliyewahi kumwita chumba cha wageni apigiwe makofi. Mpishi wa wakati ule alikuwa mtu wa chini. Mtu akiteremka jikoni kutoka juu, amekuja kulalamika. Magazeti hayakumtafuta, na runinga ndiyo kwanza ilikuwa inatambaa.

Lazima mtu alifahamu hilo ili aelewe uamuzi alioufanya Marekani.

Alifika New York mwaka 1959 akiwa na nia ya kukaa kwa muda tu. Akapata kazi Le Pavillon, mkahawa wa Henri Soulé uliokuwa juu ya mikahawa yote ya Kifaransa nchini humo, chini ya mpishi mkuu Pierre Franey. Familia ya Kennedy ilikuwa ikila hapo. John Kennedy aliposhinda uchaguzi, Pépin akaulizwa kama angependa kwenda kupika Ikulu. Wakati huo huo Howard Johnson, mteja mwingine wa Le Pavillon, mwenye mikahawa ya paa la rangi ya chungwa iliyotapakaa kandokando ya barabara kuu za Marekani, alimtaka yeye na Franey waje wamrekebishie chakula. Pépin akaikataa Ikulu akaenda kwa Johnson. Kazi ya Ikulu akaichukua Mfaransa mwingine, René Verdon, na Verdon akawa maarufu nchi nzima.

Wanafunzi wangu hushtuka hapo. "Shefu, alikataa Ikulu akaenda kupika baga?" Ndiyo. Tena alianza kwa kusimama kwenye bamba la moto la tawi moja la mtaa wa Queens akigeuza baga na soseji, ili ajue kazi ya wale ambao angewaandikia maelekezo. Kumpikia rais alikuwa ameshajua maana yake: unapika, unakaa chini, hakuna anayekuona. Hakuwa na namna ya kujua kwamba Marekani ya runinga ingegeuza jambo hilo. Na kule kwa Johnson kulikuwa na kitu ambacho jiko la Paris halikuwahi kumpa, yaani saa za kazi zinazokwisha, jioni akaenda darasani.

Alikaa huko miaka kumi, na naamini kwamba bila miaka hiyo kumi tusingempata mwalimu wa runinga. Yeye na Franey walianza na vitu vidogo: siagi halisi badala ya majarini, vitunguu vibichi badala ya vya unga. Walipika sufuria moja ya kitoweo, wakaonja, wakapika mara kumi yake, wakaonja tena, mpaka wakafikia mapipa ya chuma ambayo supu yake ya kome ilihesabiwa kwa maelfu ya galoni. Ukiongeza kipimo hivyo, mkono peke yake haukutoshi. Chumvi haipandi kwa kuzidisha tu, mchuzi haupoi kwa mwendo ule ule, na chakula kinachosafirishwa kikiwa kimegandishwa kina hatari zake. Ikabidi Pépin ajifunze kemia ya chakula, hesabu ya bakteria, uchachu, uzito wa majimaji. Yule mtoto aliyekuwa akiambiwa "sababu umeambiwa" akalazimika kutafuta sababu zenyewe na kuziandika kwa lugha ambayo mfanyakazi wa kiwandani ataifuata bila kumwona. Mpishi wa Plaza Athénée hakuhitaji kufanya hivyo. Mwalimu anahitaji.

Jioni alisoma Chuo Kikuu cha Columbia. Alianza na Kiingereza cha wageni, akaendelea mpaka akapata shahada ya kwanza 1970 na ya pili, katika fasihi ya Kifaransa, 1972. Alitaka kuandika tasnifu ya udaktari kuhusu chakula katika fasihi ya Ufaransa. Akaambiwa mada hiyo haina uzito wa kitaaluma, akaacha. Leo vyuo vikuu vina idara za masomo ya chakula, na ya Boston yeye mwenyewe alishiriki kuianzisha pamoja na Julia Child.

Mwaka 1970 alifungua La Potagerie, mkahawa wa supu katika Fifth Avenue, na biashara ilikwenda vizuri. Halafu 1974 ikaja ajali ya gari, kulungu amekatiza barabara usiku. Mgongo, nyonga, mguu, mkono, kote kulivunjika. Alipona vizuri kuliko ilivyotarajiwa, ila kusimama jikoni saa kumi na mbili kwa siku hakuweza tena. Kwa mpishi hiyo ni sawa na kufukuzwa nyumbani. Alikuwa hajafika hata miaka 40.

Akaanza kuzunguka Marekani akifundisha, sehemu kubwa ya mwaka yuko njiani: duka la vyombo hapa, shule ndogo ya upishi pale, watu ishirini au thelathini wamekaa viti vya kukunja wakimtazama akikata kitunguu. Akaandika *La Technique*, kilichotoka 1976, na *La Méthode* miaka mitatu baadaye. Vitabu hivyo havikufanana na vitabu vya mapishi vya wakati ule. Vimejaa picha za mikono yake, hatua kwa hatua: vidole vya mkono wa kushoto vimekunjwa, ncha zimerudi nyuma, ubavu wa kisu unateleza kwenye fundo la kidole. Kukata, kufunga nyama kwa uzi, kuchonga viazi, kukunja unga. Tom Colicchio, ambaye naye alikuja kuwa mpishi mkubwa na mtu wa runinga Marekani, alijifunza upishi kwa vitabu hivyo bila kwenda chuo. Nakala niliyoitumia mimi ilikuwa imetoka jalada na kurasa zake zina alama za mafuta za watu walionitangulia. Nilikuwa komi. Katika jiko tulilokuwa, kumwomba mkubwa akuonyeshe tena jambo aliloonyesha jana lilikuwa kosa, na kitabu kile kilinionyesha mara ya pili, na ya tatu, na usiku pia.

Runinga yenyewe ilikuwa na wapishi muda mrefu kabla yake. Mwaka 1937 BBC ilimweka Mfaransa Marcel Boulestin mbele ya kamera, na kitu cha kwanza alichopika kilikuwa kimanda. Marekani ilikuwa na James Beard tangu 1946. Ufaransa ilimpata Raymond Oliver, mwenye mkahawa wa Grand Véfour, katika miaka ya 1950. Aliyebadilisha mambo kabisa ni Julia Child, aliyeanza vipindi vyake kituo cha WGBH cha Boston 1963. Julia alijifunza kupika akiwa mtu mzima, Paris, baada ya vita, na alikuja na furaha ya mtu aliyegundua kitu akataka jirani yake pia akijue. Pépin alimfahamu tangu 1960, kupitia mhariri wa habari za chakula, Helen McCully, aliyemwonyesha muswada wa kitabu cha Julia kabla hakijachapishwa. Mmoja aliingia upishi kwa mlango wa mbele kama mgeni, mwingine kwa mlango wa nyuma akiwa na ndoo ya maganda. Walipokutana walikuwa wanapenda kitu kimoja.

Vipindi vya kwanza vya Pépin vilirekodiwa Jacksonville, Florida, 1982. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 akawa na kituo cha KQED cha San Francisco, na huko akatengeneza mfululizo mmoja baada ya mwingine kwa zaidi ya miaka ishirini. Vyote kwa runinga ya umma, isiyoishi kwa matangazo, na hilo naliona kuwa jambo kubwa: hakuna aliyemharakisha apige kelele, wala hakuna mashindano ambayo mmoja atatolewa akilia.

Nitaeleza kimanda chake, kwa sababu ndani yake mna uanagenzi wote. Mayai matatu. Kila yai analigonga juu ya ubao bapa, kamwe si kwenye ukingo wa bakuli, maana ukingo husukuma gamba na uchafu wake ndani. Anapiga kwa uma mpaka hakuna uzi wa ute unaoning'inia. Kikaango kiko kwenye moto mkali, siagi imeingia na inatoa povu, haijabadilika rangi. Mayai yanaingia yote mara moja. Sasa mikono miwili inafanya kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja: wa kushoto unatikisa kikaango mbele na nyuma bila kukoma, wa kulia unazungusha mgongo wa uma haraka, ili mayai yagande kwa chembe ndogo kabisa. Yanapokuwa bado laini, bado yana majimaji juu, anaacha. Anainamisha kikaango, anakusanya mayai upande wa mbali, anakunja ukingo wa karibu, kisha anapiga mpini kwa ngumi, polepole, tap, tap, na ukingo wa pili unajikunja wenyewe. Anabadilisha namna ya kushika, mpini unalala kiganjani kwa chini, sahani inakutana na kikaango, na kimanda kinageuka kikiwa na ncha mbili kali, rangi ya manjano tupu, hakuna doa la kahawia. Ndani ni laini kama uji.

Anapika pia cha pili, cha kijijini: moto ule ule, ila anayaacha mayai yashike, anavuta kingo katikati kwa mabonge makubwa, anakiacha kiwe cha kahawia. Anasema hiki si kibaya kuliko kile. Ni vitu viwili. Mimi naijua furaha ya mwanafunzi anaposikia hivyo, kwa kuwa kimanda cha mama yake ni hicho cha pili, na alikuwa amekuja chuoni akidhani ataambiwa akisahau.

Kuku naye. Pépin anamlaza, anatafuta kwa kidole ule mfupa mdogo wa pande mbili karibu na shingo, anauchomoa. Anakata kiungo cha bega, kushoto na kulia. Baada ya hapo kisu kinapumzika: anaingiza vidole na kuvuta, na nyama inavuka kutoka kwenye mifupa kama mtoto anayevuliwa shati. Kisu kinarudi kukata kiungo cha nyonga tu, halafu mifupa ya mapaja inakwanguliwa na kutolewa. Kinachobaki mezani ni kuku mzima bapa, tayari kujazwa, kukunjwa na kufungwa uzi. Anaeleza akiwa anafanya, sauti haipandi. Siri yake anaisema waziwazi: jua kiungo kiko wapi, usipigane na mfupa. Kwa miaka mingi maarifa hayo yalikaa kwenye majiko ya chini ya ardhi ya hoteli, na mtu aliyetaka kuyapata alilipa kwa utoto wake.

Mwaka 1996 alimleta binti yake Claudine mbele ya kamera. Claudine hakuwa mpishi wa kazi. Aliuliza yale maswali ya kwa nini, kwa nini moto mkali, kwa nini usioshe uyoga mapema, na baba akajibu kila moja. Nikikumbuka Bourg-en-Bresse ya 1949, naona kipindi hicho kuwa muhimu kuliko tuzo zake zote.

Kinachojulikana zaidi ni *Julia and Jacques Cooking at Home* cha 1999, kilichorekodiwa jikoni kwa Julia, Cambridge, Massachusetts. Walipika bila maelekezo yaliyoandikwa kabla. Kitabu cha kipindi hicho kiliandikwa baada ya kutazama walichofanya. Walibishana: Julia pilipili manga nyeupe, Jacques nyeusi, Julia chumvi ya kawaida, Jacques ile ya chembe kubwa ambayo vidole vinaihisi. Mkono wa Jacques ulikuwa mwepesi mno, na Julia, mwenye umri wa miaka 80 na ushee, alimsimamisha pale watazamaji wasingeona. Ubishi wao haukumalizwa, na kila sahani ilitoka ya namna mbili. Kipindi kilipata tuzo ya Emmy 2001, jiko lenyewe likapelekwa makumbusho ya taifa Washington, na Julia akafariki 2004.

Heshima nyingine nazipitia tu: alikuwa mkuu wa programu maalumu katika French Culinary Institute ya New York kuanzia 1988, akapewa nishani ya Légion d'honneur ya Ufaransa 2004. Wakati wa korona, akiwa na miaka 84, alirekodiwa nyumbani kwake Connecticut akitoa video fupi: maharage ya kopo, mkate uliokauka, viazi viwili, kipande cha jibini kilichosahaulika. Mtoto wa vita alikuwa anawaonyesha waliofungiwa majumbani namna mama yake alivyonunua sokoni saa za mwisho. Desemba 2020 mkewe, Gloria, aliaga dunia baada ya zaidi ya miaka 50 ya ndoa.

Kabla ya hapo, 2016, Claudine na mumewe Rollie Wesen, naye mpishi na mwalimu, walianzisha pamoja naye wakfu wenye jina lake. Unasaidia majiko ya jamii yanayofundisha kazi watu wazima ambao milango mingine imewafungia: waliotoka gerezani, wasio na makazi, wanaojinasua kwenye ulevi na dawa za kulevya, wanajeshi wa zamani. Wanaanza na namna ya kushika kisu, kisha kitunguu, kisha yai. Hakuna anayewatuma mjini kuazima mashine. Nimewaambia wanafunzi wangu kwamba Likoni na Mtwapa zina vijana wa namna hiyo, majiko ya hoteli yapo, na kisu cha kumenyea hakizidi bei ya chakula cha mchana. Wawili wameshaniuliza tutaanza lini, na nimewajibu tutaanza na mayai.